Jambo Dogo Aliloagizwa Naamani



Kila mwaka, siku ya Jumatatu ya juma la tatu la Kwaresima, Kanisa hutusomea katika Misa habari za Naamani, jemadari wa majeshi ya Shamu. Alikuwa mtu mkuu mbele ya mfalme wake, lakini alikuwa na ukoma. Alisafiri mpaka nchi ya Israeli na fedha nyingi, na dhahabu, na mavazi kumi ya fahari, akitumaini kwamba nabii Elisha atamtokea na kumfanyia jambo la kustaajabisha mbele ya watu wote. Nabii hata hakutoka nje. Alimpelekea mjumbe tu, amwambie akaoge mara saba katika mto Yordani. Naamani alikasirika sana. Aliona amedharauliwa, kwani kwao Damasko hakukosa mito iliyo mizuri kuliko ule. Akageuza magari yake ya farasi aende zake. Waliomwokoa ni watumishi wake. Walimwendea kwa adabu, wakimwita baba, wakamwonyesha kwamba kama angalipewa agizo gumu angalilitimiza. Basi ya nini kulikataa lililo jepesi? Akashuka mtoni, akapona.

Twaikumbusha habari hii kwa sababu kuna ugonjwa uliokwisha kuingia katika nyumba nyingi za nchi yetu, nao hauingii kwa kishindo. Ugonjwa huo ni kisukari. Dawa za kuutuliza zipo, nasi tutazitaja. Lakini njia ya kuuzuia, kwa watu walio wengi, ni mambo madogo ya kila siku, yasiyo na fahari yoyote, kama kule kuoga mtoni. Na kwa kuwa ni madogo, twayadharau. Hilo ndilo tutakalo kulisema leo.

Kwanza yatupasa kuuelewa ugonjwa wenyewe. Vyakula vyetu vya kushibisha, yaani ugali, wali, muhogo, ndizi na mkate, vikisagika tumboni hugeuka kuwa sukari ichukuliwayo na damu. Sukari hiyo ndiyo kuni za mwili. Walakini haiwezi kuingia katika chembe za mwili isipokuwa mlango ufunguliwe, na mfungua mlango ni insulini, itengenezwayo na kiungo kiitwacho kongosho. Wako watu, wengi wao watoto na vijana, ambao kongosho lao limeacha kabisa kutengeneza insulini. Hao hawakukosa neno, wala wazazi wao hawakukosa. Nao hawawezi kuishi bila sindano za insulini. Hicho ni kisukari cha aina ya kwanza. Lakini wagonjwa walio wengi mno wana aina ya pili. Kwao insulini ipo, ila mwili umekuwa mzito wa kuisikia, na kongosho hujitahidi kupita kiasi mpaka likachoka. Hapo sukari hubaki katika damu, na mwaka baada ya mwaka huharibu mishipa midogo ya macho, na mafigo, na mishipa ya fahamu ya miguu, na moyo wenyewe. Mtu huja akapofuka, au akakatwa mguu kwa sababu ya kidonda ambacho hata hakukisikia kilipoanza.

Ni nani aliye karibu zaidi na kisukari cha aina ya pili? Ni yule ambaye baba, mama au ndugu yake anacho. Ni yule ambaye umri wake umekwisha kusogea. Ni mama aliyewahi kupandwa na sukari wakati wa mimba. Mambo hayo hatuwezi kuyabadili. Lakini tena ni yule aliyenenepa, hasa tumboni. Ni yule ashindaye ameketi mchana kutwa. Ni yule avutaye tumbaku. Haya kwa sehemu kubwa yamo mikononi mwetu, nayo ndiyo Yordani yetu.

Wako wasemao kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri, au wa watu wa mjini. Zamani neno hilo lilikuwa na ukweli wake. Mwaka 1989 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, na katika kila watu wazima mia moja hakupatikana hata mmoja kamili mwenye kisukari. Miaka ya 1996 na 1997 walipimwa watu wa Ilala katika jiji la Dar es Salaam, na watu wa Shari, kijiji cha mkoa wa Kilimanjaro. Huko Ilala walionekana wagonjwa karibu sita katika kila mia. Huko Shari hawakufika wawili. Kisha mwaka 2012 ukafanywa uchunguzi wa nchi nzima kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na wagonjwa wakawa tisa katika kila mia. Hesabu hizi hazikuchukuliwa kwa njia moja wala kwa watu wa umri mmoja, na kwa hiyo haifai kuzilinganisha kama vitu viwili juu ya mizani ya dukani. Lakini zote zaelekea upande mmoja, na upande huo si mwema.

Uko uchunguzi mwingine unaotufundisha zaidi. Watu wapatao mia mbili wa vijijini katika mkoa wa Morogoro, waliokuwa wakihamia Dar es Salaam, walipimwa kabla ya kuondoka, wakapimwa tena huko mjini mpaka mwaka ukatimia. Habari zao zilichapishwa mwaka 2010. Watu hao waliondoka kwao na damu ile ile ya babu zao. Katika mwaka mmoja tu kazi za nguvu zilipungua sana maishani mwao, na kwa wastani kila mmoja alikuwa ameongezeka uzito kwa zaidi ya kilo mbili. Mwaka mmoja! Basi si ukoo uliobadilika, wala si hewa. Yaliyobadilika ni mazoea.

Sasa tupande pamoja hadi Mpale, katika milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe. Ajuaye milima ile ajua kwamba huko hakuna mahali pa kwenda ila kwa kupanda au kwa kushuka. Shamba liko chini ya nyumba, maji yako bondeni, jirani yuko ng'ambo ya pili, kanisa liko juu ya kilima. Bibi zetu waliteremka na mizigo ya ndizi kichwani, wakapanda tena na chumvi na mafuta ya taa. Hakuna aliyewaambia kwamba wanafanya mazoezi. Walikuwa wanaishi tu. Chakula chao kilikuwa ugali, makande, muhogo, maharage na majani ya shambani, na jasho lao lilikilipa chakula hicho mpaka senti ya mwisho.

Tumfikirie baba mmoja wa huko, tusimpe jina, kwa maana yuko katika kila kijiji. Zamani alilima, sasa ana duka dogo kando ya barabara, na wanawe wana pikipiki. Hapandi tena kilima kwa miguu, kwani kijana humchukua. Asubuhi hunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari pamoja na maandazi. Saa nne soda, maana iko karibu ya mkono. Jioni huletewa ugali mkubwa ule ule aliopikiwa miaka ishirini iliyopita, alipokuwa anatoka kulima. Tumbo lake lingali la mkulima, lakini miguu yake imekuwa ya mwenye duka. Siku za Jumapili, baada ya Misa, rafiki zake humwalika dengelua, na pombe ile ya miwa haimpunguzii chochote. Hatusemi kwamba amefanya uovu. Duka limesomesha watoto. Pikipiki imewafikisha hospitalini akina mama wenye uchungu usiku wa manane. Hayo ni mema, na tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Twasema hivi tu: zamani mtu wa Mpale, au ndugu yake wa nyika ya Handeni, alipata kisukari akishuka kwenda kukaa mjini. Sasa mji haumngoji ashuke. Umempandia mlimani.

Je, Kanisa lina neno gani katika jambo hili? Wengine watasema kwamba gazeti la Wakristo lingeongea habari za roho, na habari za sukari liwaachie madaktari. La hasha! Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na kwamba sisi si mali yetu wenyewe, kwani tulinunuliwa kwa thamani kubwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika vifungu vya 2288 hadi 2290, yafundisha kwamba uhai na afya ni vipaji vya thamani tulivyowekewa na Mungu, na kwamba yatupasa kuvitunza kwa busara, tukiwafikiria na wenzetu. Na kwamba fadhila ya kiasi hutuepusha na kila kupita mpaka, katika chakula, katika pombe, katika tumbaku, hata katika dawa. Katekisimu hiyo hiyo yatuonya pia tusiuabudu mwili kana kwamba ndio uzima wote. Kwa hiyo hatuutunzi mwili ili tujitazame katika kioo. Twautunza kama mtumishi atunzavyo amana ya bwana wake, ili upate kufaa kwa kazi: kulea watoto, kuhudumia wazee, kwenda kusali.

Hapa hatuna budi kusema neno kwa sauti kubwa, lisije likapotoshwa. Mwenye kisukari asihukumiwe. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Na Bwana akawajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Wako watu wembamba, watendao kazi kutwa, walao kwa kiasi, na bado wamepatwa. Wako maskini walao wanga mtupu kwa sababu hawana fedha ya kununua kingine. Atakayekunja uso mbele ya mgonjwa na kumwambia kwamba amejitakia mwenyewe, huyo hajatibu kitu. Amemfanya mgonjwa aone haya, na mwenye haya hujificha. Kiasi ni fadhila ya kujipima wewe mwenyewe. Si fimbo ya kumpigia jirani.

Tuwarudie sasa watumishi wa Naamani. Jemadari huyo mwenye majeshi hakushindwa na vita. Alikaribia kushindwa na kiburi chake, na waliomshika mkono ni watu wa nyumbani mwake. Na kabla yao, wa kwanza kabisa kuonyesha njia alikuwa binti mdogo, mateka, aliyemtumikia mke wake. Hivi ndivyo ilivyo katika kisukari. Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache. Nyumba humwona asubuhi, mchana na jioni. Ni vigumu sana mtu mmoja kubadili mazoea yake peke yake katika nyumba ambayo watu wote wanaendelea na mazoea ya zamani.

Basi isipikwe sufuria mbili, moja ya mgonjwa na nyingine ya wazima. Chakula kimfaacho mwenye kisukari chawafaa wote. Ugali na upunguzwe, nao uwe wa dona. Mboga za majani ziongezwe mpaka zijaze nusu ya sahani. Maharage, kunde na mbaazi tusivione kuwa vyakula vya unyonge. Tunda na lilewe zima badala ya kukamuliwa na kutiwa sukari. Mafuta ya kukaangia yawe ya kupimwa kwa kijiko, yasiwe ya kumiminwa. Maji ndiyo kinywaji cha mezani. Baba aliyezoea kuketi akingoja maji ya kuoga aletewe, siku moja na atwae ndoo aende kisimani mwenyewe. Atawapumzisha wanawe na kuifaidia damu yake. Na mtoto aliyefaulu shuleni asipewe soda kuwa tuzo, maana twamfundisha kuyaona mapenzi ya baba katika chupa. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na sukari kama gramu 35 au zaidi, yaani vijiko vya chai vinane au tisa. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja ya kumi ya nguvu zote za chakula cha siku, na ikiwezekana ipungue mpaka nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita. Basi chupa ile moja imekwisha kuvipita.

Twajua ni wapi penye ugumu: ni ukarimu. Kwetu, mgeni akiingia huwashwa moto, na chai huletwa imekwisha kutiwa sukari nyingi, kwa kuwa sukari chache huonekana kuwa uchoyo. Mgeni naye, hata akijua kwamba imemkataza daktari, hunywa, asije akamvunjia mwenyeji heshima. Hivyo wawili wapendanao hudhuriana kwa adabu. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa mwenyeji hupona kwa kuja kwa mgeni, je, haifai mgeni naye apone kwa kuja kwa mwenyeji? Jambo lenyewe ni jepesi: chai iletwe bila sukari, na bakuli ya sukari iwekwe kando pamoja na kijiko, kila mtu ajitilie atakacho. Hakuna aliyenyimwa, wala hakuna aliyelazimishwa. Asiyetia asiulizwe sababu.

Na tulilosema juu ya nyumba twalisema juu ya parokia. Katika Ndoa, Kipaimara na jubilei, twaupima ukarimu wa familia kwa hesabu ya kreti za soda na bia. Familia nyingi hukopa ili zisionekane kuwa pungufu. Tungewaomba wazee wa jumuiya ndogo ndogo walitazame jambo hili. Maji safi, ndizi mbivu, machungwa na mahindi ya kuchemsha havijawahi kuitia aibu arusi yoyote. Tena mfungo wa Kwaresima usiwe deni linalolipwa lote kwa siku moja ya Pasaka. Kufunga kwatufundisha kwamba tamaa ya chakula yaweza kuambiwa hapana, na isituue. Jirani zetu Waislamu nao wanalijua somo hilo. Basi tukutanapo nao misibani na arusini, jambo hili laweza kuwa letu sote.

Huenda mtu akauliza, kama Naamani alivyouliza: mambo madogo haya yana nguvu gani? Jibu tunalo. Huko Marekani walichaguliwa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafika kiasi cha kisukari. Sehemu moja yao walisaidiwa kula kwa kiasi, kupunguza uzito kwa asilimia saba, na kutembea kwa nguvu dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa katika siku tano. Wengine walipewa dawa iitwayo metformini, na wengine walipewa vidonge visivyo na dawa ndani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Dawa ilipunguza idadi ya waliopata kisukari kwa asilimia 31. Kutembea na kiasi vilipunguza kwa asilimia 58. Mwaka uliotangulia, uchunguzi wa huko Finland ulikuwa umetoa jibu lilo hilo. Asilimia saba ni nini? Kwa mtu wa kilo 80 ni kilo tano na nusu hivi. Nusu saa ni nini? Ni mwendo wa mtu wa Mpale kwenda kanisani na kurudi, kama atamwambia kijana wa pikipiki leo asimngoje.

Kuna na jambo lingine dogo, nalo ni kupimwa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kisukari cha aina ya pili chaweza kukaa mwilini miaka mingi bila mtu kujua. Dalili zake ni kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara hasa usiku, uchovu, kukonda bila sababu, macho kufifia, na vidonda vinavyokawia kupona. Lakini tusingoje dalili. Mwenye ndugu mgonjwa, mwenye tumbo kubwa, mama aliyepata sukari wakati wa mimba, na kila aliyekwisha kufika umri wa makamo, yafaa aende akapimwe. Ni tone la damu tu. Kabla ya kula kitu asubuhi, kipimo cha milimoli 7 kwa lita au zaidi chaonyesha kisukari, na daktari hukirudia ili apate hakika. Kipimo kilicho juu kidogo ya kawaida ni onyo, tena onyo la rehema, kwa sababu nafasi ya kugeuka ingalipo.

Na aliyekwisha kuambiwa kwamba anacho, asikate tamaa, wala asiache dawa. Kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na tumaini. Insulini iligunduliwa Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1921, na mwaka uliofuata kijana wa miaka 14 aliyekuwa akifa alipewa akaishi. Kitabu cha Yoshua bin Sira chatuagiza kumheshimu tabibu, kwani Mungu ndiye aliyemweka, na dawa Mungu ndiye aliyeziumba kutoka ardhini. Kwa hiyo asemaye kwamba mwenye imani hana haja ya sindano, huyo haongezi imani ya mtu. Anadharau kipaji cha Mungu.

Twakumbuka mwaka 2011, jinsi maelfu kwa maelfu ya watu walivyosafiri hadi kijiji cha Samunge, huko Loliondo, kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mti, kilichosemwa kwamba chaponya magonjwa mengi, kisukari kikiwamo. Magari yalijipanga kilometa nyingi. Wako walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa. Hatuwacheki watu wale. Mgonjwa hutafuta uzima popote auonapo. Lakini tujiulize: kwa nini twakubali kwa furaha safari ya siku tatu kwa ajili ya kikombe kimoja, na hatukubali kupunguza kijiko kimoja katika kikombe kilicho mezani petu? Ni kwa sababu moyo wa binadamu ni moyo wa Naamani. Wataka jambo kubwa, litendwe mara moja, na litendwe na mtu mwingine.

Hatuahidi kwamba atakayefuata maneno haya hatapatwa kamwe, wala kwamba kisukari kitaoshwa na kwisha kama ukoma ule. Naamani alipata muujiza; sisi twaagizwa uaminifu. Lakini tazameni jambo hili: alizama mara saba. Maandiko hayasemi kwamba alipozama mara ya kwanza aliona nafuu yoyote. Twaweza kumfikiria akitoka majini mara ya pili, ya tatu, ya nne, ngozi yake ingali ile ile, na watumishi wakimtazama kutoka ukingoni. Haba na haba hujaza kibaba. Atakayetembea kwa juma moja ataona miguu yauma na tumbo liko pale pale. Na azame tena. Na walio ukingoni, yaani mke, mume, watoto na jirani, wasiondoke.

Basi, ndugu wasomaji, jioni ya leo mkiisha kusali Rozari pamoja, ongeeni neno hili nyumbani. Aulizwe kila mmoja: katika ukoo wetu nani amepatwa na kisukari? Nani kati yetu hajapimwa? Kijiko gani tutakipunguza, na njia gani tutaitembea kwa miguu? Wakubwa wasione haya kuwasikiliza wadogo, kwa kuwa katika nyumba ya Naamani hekima ilianza kwa binti mtumwa. Na Jumapili ijayo, katika milima ya Mpale na katika kila parokia ya nchi yetu, wale wawezao na waende Misani kwa miguu, wakisalimiana njiani, kama walivyofanya bibi zetu.

Mungu mwenye uzima awalinde nyote, mwili na roho.